Mawingu ya Kigoma: lipi la kumfanya mwanika dagaa aanue?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi naanika dagaa hapa Katonga, Kigoma. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya huku yananichanganya. Kuna siku mbingu inafunga yote tangu asubuhi, naanua, nafunika turubai, na hadi jioni halidondoki tone. Siku nyingine jua kali, kuna kiwingu kimoja tu juu ya vilima, na kabla ya saa tisa dagaa wote wameshalowa. Watoto wanakariri majina ya mawingu shuleni, ila hakuna anayeniambia lipi ni la mvua. Nifundishe kuyatofautisha. Tena mwezi ukiwa na pete kubwa, ni kweli mvua iko njiani? Na mume wangu anavua usiku, yeye ataliona vipi wingu gizani?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Acha kulipima wingu kwa weusi wake, na acha kulipima kwa eneo lililotandwa. Pima kimo chake. Tazama kingo za kilele chake. Kisha litazame tena baada ya robo saa uone kama limekua au limenywea. Wingu linalokua kwenda juu ndilo la kuogopa. Lililotandaa, hata likifunika kutoka Kongo hadi Kasulu, mara nyingi halina haraka na dagaa wako.

Weusi unadanganya kwa sababu ya mahali jua lilipo. Katonga mmeelekea magharibi, ziwa liko mbele yenu. Asubuhi jua linatoka nyuma yenu, juu ya vilima, na kumulika uso wa mawingu yaliyo ziwani, hivyo wingu kubwa lenye radi tumboni linang'aa jeupe, linapendeza hata kulitazama. Jioni jua likishukia Kongo, mawingu yanasimama kati yako na mwanga, basi hata kiwingu chembamba kinaonekana cheusi tii. Ndiyo maana watu wengi wa mwambao hukimbilia turubai jioni bila sababu, na asubuhi wakalipuuza wingu lenye hatari. Weusi una maana wakati mmoja tu: jua likiwa utosini na tumbo la wingu likawa jeusi. Hapo ujue wingu hilo ni nene, mwanga umeshindwa kupenya.

Na unene ndio siri ya mvua. Wingu ni matone ya maji madogo mno, kipenyo chake milimita 0.02 hivi. Tone moja la mvua la milimita 2 lina maji ya matone hayo madogo milioni moja. Wingu la kawaida la mchana, lenye ujazo wa kilomita moja ya mchemraba, hubeba maji ya takriban tani 500, na bado linaelea, kwa sababu matone yake hushuka polepole sana, sentimita moja hivi kwa sekunde, na hewa inayopanda huyazuia. Ili linyeshe, matone lazima yagongane na kuungana hadi yawe mazito kuishinda hewa hiyo. Wingu jembamba halina nafasi ya kazi hiyo.

Kuna njia ya pili, nayo huwashangaza wengi: barafu. Juu ya Kigoma, kwenye kimo cha kilomita 5 hivi kutoka usawa wa bahari, joto linafika nyuzi sifuri, na kupanda zaidi ya hapo ni baridi tupu. Ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari, kwa hiyo mpaka huo wa baridi uko kilomita nne na kitu tu juu ya mtumbwi wa mume wako. Matone ya wingu yakipita hapo hayagandi yote mara moja. Mengine hubaki maji hata kwenye nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Lakini pale chembe ya barafu inapoanza, huvuta mvuke unaotoka kwenye matone yaliyo jirani, hunenepa haraka, huanguka, na njiani huyeyuka kuwa mvua. Kwa hiyo tone kubwa baridi linalokupiga mgongoni mwezi Desemba, huenda lilianza likiwa barafu.

Sasa majina. Mwaka 1802 mfamasia wa London aitwaye Luke Howard alisoma mbele ya wenzake mada ya kuyagawa mawingu kwa maumbo, akayapa majina ya Kilatini. Mgawanyo wake umekuzwa tangu hapo, na leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua aina kumi kuu. Hizo ndizo wanazokariri watoto wako, na ndizo wanazosoma wanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilichopo hapahapa Kigoma. Aina hizo zimepangwa kwa kimo. Katika nchi za joto mawingu ya chini huanzia karibu na ardhi hadi kilomita 2, ya kati kilomita 2 hadi 8, ya juu kilomita 6 hadi 18. Usiyaogope majina. Yote yanatokana na tabia tatu: mawingu ya mafungu yanayorundikana, yaani kumulusi, ambayo sisi tunayaita mavundevunde, mawingu ya tabaka yanayotandaa, yaani stratusi, na mawingu ya nyuzi nyeupe za barafu huko juu kabisa, yaani sirusi. Jina lenye "alto" ni la kimo cha kati, na lenye "nimbo" ni la mvua.

Wewe wa dagaa, mwalimu wako mkuu ni mavundevunde, basi hapa tukae.

Asubuhi ya masika jua linapopiga miteremko iliyo nyuma yenu, hewa iliyogusana na ardhi inapata joto na kuanza kupanda. Kila inapopanda kilomita moja inapoa nyuzi 10 hivi. Ikifika kimo ambacho mvuke wake hauwezi tena kubaki mvuke, unageuka matone, na wingu linaanza. Kwa kuwa hewa ya eneo moja ina unyevu unaokaribiana, mawingu yote huanza kwenye kimo kimoja, ndiyo maana matumbo yao yamenyooka na yako sawasawa. Kimo cha tumbo kinakueleza unyevu wa siku. Hewa kavu ya Septemba huliweka juu sana. Hewa iliyoshiba maji ya Januari hulishusha hadi likafunika vichwa vya vilima. Ukiona saa nne asubuhi mavundevunde tayari yamekaa chini, yanagusa vilima, jua kwamba siku hiyo malighafi ya mvua ipo.

Kisha linganisha upana na kimo. Fungu lililo pana kuliko urefu wake, limetawanyika na wenzake, katikati anga ni ya buluu, hilo ni la hali njema. Anika. Mara nyingi wingu la namna hiyo huishi dakika chache tu, likayeyuka lingine likazaliwa. Fungu ambalo kimo chake kimelingana na upana linataka uangalizi. Fungu lililorefuka kuliko upana wake, kilele chake kinatoa vichwa vipya na kila kichwa kinampita mwenzake, hilo limeshapata nguvu ya kwenda. Na nguvu hiyo linajizalishia lenyewe, maana mvuke unapogeuka kuwa maji hutoa joto, joto hilo huisukuma hewa ipande zaidi, na hewa ikipanda mvuke zaidi hugeuka maji. Chagua mti au nguzo ulinganishe nayo kilele, usibadilishe mahali uliposimama. Kama baada ya dakika kumi na tano kilele kimepanda waziwazi, anza kukusanya dagaa, hata kama juu ya kichwa chako jua linawaka.

Kiwingu chako kimoja cha juu ya vilima kilikuwa hicho. Kutoka fungu la kawaida hadi kunyesha kunaweza kuchukua muda mfupi, nusu saa au zaidi kidogo, na katika nchi zetu za joto wingu refu linaweza kumwaga mvua nzito hata kabla kilele hakijaanza kuwa barafu, kwa matone kugongana tu. Mvua ya hivyo hunyesha kwenye eneo dogo. Katonga mkalowa, Ujiji wakaendelea kuanika.

Likizidi kupanda linageuka kumulonimbusi, wingu la radi. Namna ya kulitambua ni kingo za kilele. Maadamu kilele kina kingo kali, zilizokatika wazi dhidi ya buluu, bado ni matone ya maji. Kingo zikianza kulegea, zikawa na nyuzinyuzi, ujue barafu imeanza. Likifika juu kabisa, penye kikomo ambacho hewa haipandi tena, kwetu kilomita 15 au zaidi, linatandaa pembeni na kupata umbo la fuawe la mhunzi, bapa juu na limechomoza upande mmoja. Ukiliona zima namna hiyo, basi liko mbali nawe. Likiwa juu yako huoni fuawe, unaona giza tu. Mahali popote penye umeme, ngurumo au mvua ya mawe, jina la wingu ni hilo, hata kama umbo limefichwa na mengine.

Kabla ya mvua ya wingu hilo kuna upepo. Maji na barafu vinapoanguka huiburuta hewa baridi, nayo ikifika chini hutawanyika kwa kasi pande zote. Ndiyo ule ubaridi wa ghafla unaobadilisha mwelekeo wa upepo na kurusha maturubai. Wakati mwingine mbele yake kuna wingu la chini, refu, limelala mlalo ziwani na linasogea. Ukiona hilo, acha dagaa, tafuta watoto na uangalie mitumbwi. Wala usikisie njia ya wingu kwa upepo unaokupuliza usoni, kwa sababu upepo wa kilomita tatu au nne juu unaweza kuwa unakwenda kwingine kabisa. Litazame lenyewe linakosogea.

Turudi kwenye siku zako za mbingu kufunga. Mara nyingi asubuhi ya namna hiyo ni mabaki. Usiku kulikuwa na mvua kubwa mahali fulani, ziwani au Kongo au Burundi, mawingu ya radi yakafa, na vilele vyao vilivyotandaa vikabaki vimeenea kwenye kimo cha kati. Hilo huitwa altostratusi: shuka la kijivu lisilo na umbo, jua linaonekana hafifu, kipande cheupe kisicho na mipaka, na vitu havitoi kivuli ardhini. Shuka hilo likiwa jembamba kiasi cha kuonyesha mahali jua lilipo, mvua yake ni manyunyu au hakuna. Tena linakusaidia, kwa sababu linazuia jua kuichemsha ardhi, na mavundevunde yanakosa nguvu ya kuinuka. Dagaa watakauka polepole, lakini watakauka. La kuangalia ni kama shuka litapasuka mnamo saa tano na jua likapenya. Hapo hesabu ya siku inaanza upya.

Shuka hilohilo likinenepa hadi jua lisionekane lilipo kabisa, na likashuka, linakuwa nimbostratusi. Hilo lina mvua ya kimyakimya ya saa nyingi, bila ngurumo. Likishaanza usitegemee likatike mchana huo. Stratusi ya chini, ile inayokaa mabondeni alfajiri na ni ukungu ulioinuka tu, haina neno. Jua likipanda inaondoka, ikitoa sanasana rasharasha.

Kuna mawingu ya vipande vipande yanayofanana na wengi huyachanganya, nayo kipimo chake ni vidole. Nyoosha mkono wako mzima mbele, ulenge vipande vilivyo juu vizuri, si vya kwenye upeo. Kipande kinachofichwa na kidole kidogo kimoja ni sirokumulusi, wingu la juu la barafu. Kikizidi hapo lakini vidole vitatu vikakitosha, ni altokumulusi, la kati. Kikizidi vidole vitatu ni stratokumulusi, la chini, ambalo hutanda sana na kunyesha kidogo. Hayo matatu hayakuharibii kazi, isipokuwa moja nikuombe ulishike: altokumulusi ya asubuhi mapema ikiwa imeotesha vinara vidogo vilivyosimama juu ya mstari mmoja. Vinara hivyo vinaonyesha kuwa hewa ya kimo cha kati imekaa vibaya, iko tayari kupanda ikipata sababu. Siku hiyo, alasiri, uwe karibu na turubai.

Kuhusu pete ya mwezi. Pete kubwa hutokea mwanga unapopita kwenye vipande vya barafu vya sirostratusi, shuka jeupe jembamba la juu kabisa. Vitabu vingi vya shule vinasema sirusi ikifuatiwa na sirostratusi yenye pete, mvua inafika ndani ya siku moja. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa Ulaya na nchi za namna yake, ambako hewa ya joto hupanda juu ya hewa baridi kwenye mpaka mrefu na mawingu yanakuja kwa mpangilio, ya juu kwanza, mazito nyuma. Kwetu, nyuzi tano kusini mwa ikweta, mipaka hiyo haipo. Sirusi zetu nyingi ni mabaki ya fuawe za mawingu ya radi, zimepeperushwa mbali na zilikotoka. Kwa hiyo pete inakuambia kuna barafu juu, na labda kulikuwa na radi mahali. Haikuahidi mvua. Ninaumia kuona kanuni ya watu wa mbali ikikaririshwa kwa watoto wa Kigoma bila kuambiwa ni ya wapi, maana wakikua wataiamini kuliko macho yao. Na pete yenyewe mnaiona siku za mbalamwezi, ambapo taa haziwavuti dagaa na mitumbwi mingi imelala.

Mwezi wa Julai hadi Septemba utaona milima ya Kongo imepotea. Hilo si wingu, ni moshi wa misitu inayochomwa pamoja na vumbi. Halina tumbo wala kilele. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei, na mwanzoni mwake utaona jambo lingine: mistari ya mvua ikining'inia chini ya wingu bila kugusa ardhi. Hewa ya chini bado ni kavu, matone yanakauka njiani. Ndugu zetu wa Tabora na Urambo huyaona sana hayo Oktoba. Usiyadharau, kwa sababu maji yanapokauka hewani huipoza hewa, hewa hiyo huanguka, na unapata upepo mkali bila tone la mvua.

Sasa mume wako. Tabora, wasio na ziwa, mvua zao nyingi huanza alasiri baada ya ardhi kuchemka. Nyinyi wa mwambao mna mchana na mna usiku. Jua likizama vilima vya pande zote mbili vinapoa haraka, lakini maji ya juu ya ziwa hubaki na nyuzi 24 hadi 28. Hewa iliyopoa inateremka kutoka Tanzania na kutoka Kongo, zinakutana juu ya maji ya uvuguvugu, na zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Kwa hiyo wingu la radi linaweza kuzaliwa katikati ya ziwa saa nane ya usiku, wakati nyumbani mmelala na nyota zinawaka.

Gizani atazame mambo mawili. Kwanza nyota za chini, karibu na upeo. Zikianza kuzimika upande mmoja na giza hilo likapanda, kuna wingu lenye kimo. Pili umeme. Kila unapomulika, asitazame mwanga bali umbo la wingu: je, linaonekana lote kutoka tumbo hadi kilele, dogo, upeoni? Basi liko mbali. Umeme wa usiku huonekana hata kutoka kilomita 100, ilhali ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 15 au 20. Umeme wa kimya upande wa kaskazini-magharibi ni jambo la kawaida kwetu, kwa sababu mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Vipimo vya satelaiti vimeiweka Kabare, karibu na Ziwa Kivu, ya kwanza Afrika. Ngurumo ya kwanza kusikika ndiyo inayobadilisha mambo. Ahesabu sekunde kutoka umeme hadi ngurumo na agawe kwa tatu, apate kilomita. Hesabu ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, wingu linakuja. Avute wavu na arudi, asisubiri taa zikusanye dagaa zaidi. Akinaswa katikati, akae chini kabisa mtumbwini, mikono isiguse maji wala chuma.

Nawe ufukweni, hesabu ikishuka chini ya sekunde 30 ondoka kwenye vichanja, hasa vyenye waya, hata kama dagaa hawajaisha kuanuliwa. Ingia kwenye nyumba ya kuta na paa au ndani ya gari lililofungwa. Si chini ya mwembe, si kwenye kibanda kisicho na kuta. Nguo nyekundu haiiti radi na kioo kilichofunikwa hakiizuii, kwa hiyo usipoteze muda kubadilisha kanga. Ubaki ndani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ukisikia nyingine katika dakika ya 25, anza kuhesabu upya.